Imenoki? Umejuaje?

Juzi nilikaribia kununua injini nisiyoihitaji. Corolla 110 yangu, ile yenye injini ya 5A, ilianza kulia tik-tik-tik kila asubuhi nikiiwasha. Nikaipeleka gereji moja hapa Dar. Kijana wa pale akafungua boneti, akapiga resi mara mbili, akafuta mikono. "Imenoki hii, braza. Tuishushe, nikutafutie nyingine." Milioni moja na nusu, bila ufundi. Hakuchomoa hata stiki ya oili.

Jamani, mimi ni ripota. Nikipeleka habari yenye chanzo kimoja, mhariri hamalizi hata aya ya pili. Lakini pale gereji nilisimama kimya kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu, nikaanza kuwaza nimkope nani. Nina digrii, waziri namuuliza maswali bila woga, ila fundi akisema "imenoki" nanywea. Najua siko peke yangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Tandale, ambaye gereji yake ni mwembe na benchi. Hakugusa spana. Aliuliza. Inalia ikiwa ya baridi au ya moto? Inaacha saa ngapi? Ukipanda kilima inazidi? Taa nyekundu ya oili imewahi kuwaka? Nilipomwambia inalia dakika kumi za mwanzo kisha inanyamaza, akasema, "Liache lilale hapa, mwanangu. Mlio wa baridi huwezi kuusikia kwenye gari lililotoka foleni."

Asubuhi akaliwasha. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini sikioni, mwili wake mbali na mikanda. Akahamia huku, akahamia kule. Mwisho akanionyesha masizi pale manifodi ya ekzosi inapoungana na injini. Gasketi imeungua. Moshi unapenya hapo na kutoa ule mlio, na chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba upenyo. Gasketi na ufundi, elfu hamsini.

Nikamng'ang'ania anifundishe. Kumbe shafti ya juu inayofungua valvu huzunguka nusu ya mwendo wa shafti kuu ya chini. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, bila kukanyaga mafuta, valvu moja hugonga mara 400: mlio mwepesi kama wa cherehani. Hizo ndizo tapeti, na mara nyingi hurekebishwa bila kushusha chochote. Lakini beringi ya mkono wa pistoni ikilegea, inafuata mwendo wa shafti kuu, na mlio ni mzito, kama nyundo ndani ya pipa. Kwenye injini kama yangu fundi huchomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, ugonjwa uko hapo. Ni kazi ya dakika tano! (Wenye injini za D-4 msishtuke sana, zile hutikatika hata zikiwa nzima.)

Msomaji usiondoke hapa ukidhani kila mlio ni gasketi. Jirani yangu anabeba abiria wa mtandaoni, gari la mkopo. Lake lilikuwa na huo mlio mzito. Akaambiwa "tapeti tu hizo", akawekewa oili nzito zaidi, kelele ikapungua. Oili nzito ni dawa wanayoipenda wauza magari mabovu, maana inaficha kelele bila kutibu kitu. Hakuna aliyemwaga oili ya zamani na kuangalia kama ina vumbi la chuma linalometameta. Wiki ya tatu, akirudi kutoka Chalinze, mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini. Marejesho ya mkopo hayajasimama.

Kwa hiyo mimi ninaambiwa nishushe injini nzima, yeye anaambiwa aendelee na safari, na wote wawili hakuna aliyetupimia kitu. Ni rahisi kusema mafundi wetu ni matapeli. Wapo, sibishi. Lakini sisi wateja tunalipia nini? Tunalipia spea na spana. Tunasimama pembeni na simu mkononi tukiuliza "itaisha saa ngapi?", na fundi akitumia asubuhi nzima kusikiliza tunamwona hajui kazi. Anayeshusha injini anakula. Anayesikiliza anakula nini?

Nilimuuliza mzee bei ya kusikiliza ni shilingi ngapi. Akacheka, akasema tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa hivyo. Nikamwongezea elfu kumi juu ya ile hamsini. Akairudisha mara mbili, mara ya tatu akaikunja na kuitia mfukoni, akaniambia nipitie duka la mbele nikanunue oili.

Ya kawaida, akasisitiza. Siyo nzito.