Tundu la Maji Likiziba Katika Mashua Kuukuu

Ziwa Tanganyika halina chumvi wala chaza wa baharini wagandao kwenye mbao. Hivyo ni rahisi kwa mwenye mashua ya tanga yenye injini ndogo ndani, afikapo mwalo wa Minago, kusahau lile tundu la chini linalovuta maji ya kupoza injini. Lakini msimu wa mvua mito huteremsha kutoka milimani tope, majani na vipande vya plastiki, navyo huingia tunduni.

Dalili ni moja: maji hayatoki tena nyuma pamoja na moshi, na injini yapata moto. Wengi huilaumu injini, wakaifungua yote bure.

Hatari iko kwenye koki iliyoshikilia tundu hilo. Tundu la milimita 25, lililo nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika, yaani karibu madumu matatu. Hakuna mke wala mtoto awezaye kuyakumba maji hayo kwa ndoo muda mrefu, na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470. Kazi hii yapasa ifanyike kando ya mchanga, injini imezimwa, na kizibo cha mti laini kilichochongwa mfano wa karoti kiwe mkononi kabla ya spana.

Koki ifungwe kwanza. Ikiwa ni ngumu, isilazimishwe kwa nyundo: shaba ya manjano iliyogeuka rangi ya waridi imekwisha kuoza ndani, nayo hukatika kama biskuti. Mashua ya namna hiyo huvutwa nchi kavu.

Koki ikifunga vema, mpira ufunguliwe upande wa injini tu, si upande wa koki. Ncha yake inuliwe juu ya usawa wa ziwa, kisha koki ifunguliwe. Maji yakipanda ndani ya mpira hadi usawa wa ziwa na kusimama, tundu ni safi; uchafu utafutwe kwenye chujio au pampu. Yasipopanda, mtu apulize kwa nguvu. Kwa kina cha nusu mita pumzi ya mtu mzima yatosha mara nyingi kuusukuma uchafu urudi nje ulikotoka, na pampu ya baiskeli husaidia pumzi ikishindwa.

Baadaye kizibo kile kifungwe kwa kamba kando ya koki, na kila apandaye mashua aonyeshwe kilipo.