Ini Lisisahauliwe

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, watu wazima walioambukizwa virusi vya Ukimwi ni chini ya asilimia 1. Lakini miongoni mwa vijana wanaojidunga heroini, kiwango hicho ni kikubwa mara kadhaa. Sindano moja ikipokezanwa na wengi haichukui virusi vya Ukimwi peke yake. Huchukua pia virusi vya homa ya ini aina ya C, na juu ya adui huyu wa pili husemwa machache mno.

Adui huyo ana subira. Aweza kukaa katika ini miaka 20 au zaidi pasina maumivu, akiacha kovu juu ya kovu. Kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi pia, makovu hayo huenea upesi zaidi, na hatari ya ini kusinyaa huwa kiasi cha mara mbili. Hapo ndipo macho hugeuka manjano, tumbo likajaa maji, au saratani ikaanza. Dawa za Ukimwi hupunguza kasi hiyo, wala haziiondoi. Hivyo mgonjwa aweza kuokolewa na Ukimwi, akazikwa kwa ini.

Hata hivyo tiba ipo. Vidonge vilivyoanza kuidhinishwa mwaka 2013, vikimezwa kwa kawaida wiki 12, huponya wagonjwa wapatao 95 katika kila 100, wakiwamo wenye Ukimwi. Misri, ambako sindano za kutibia kichocho zilieneza maradhi haya katika karne iliyopita, ilipima watu karibu milioni 50 katika miaka ya 2018 na 2019, na walioonekana nayo wakatibiwa bila malipo.

Kufunguliwa kwa kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu mwaka 2015 kulikuwa hatua ya busara. Tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila anayejidunga, anapopimwa Ukimwi, apimwe na homa hii. Anayeonekana nayo atibiwe. Na sindano safi zipatikane, kwani chanjo hakuna, na aliyepona aweza kuambukizwa tena.

Nasi wananchi tuache kuwabeza vijana hawa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini anayeyaficha kwa aibu tuliyomtwika sisi, lawama yake ni yetu sote.