Kukakamaa kwa maiti si alama ya madhambi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika miaka niliyoshiriki kuosha maiti nimesikia mara nyingi maneno yanayonisikitisha. Viungo vya marehemu vinapokuwa vigumu, mkono ukakataa kunyooka, mmoja wa waoshaji hunong'ona kwamba hayo ni malipo ya matendo yake. Kabla ya hitima kusomwa, maneno hayo yamekwisha kuwafikia mjane na mayatima. Hebu tuitazame elimu inasema nini.

Misuli ya binadamu hufanya kazi kwa nishati iliyomo katika kemikali iitwayo ATP, aliyoigundua Mjerumani Karl Lohmann mwaka 1929. Akiba yake ni ndogo mno. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, ingemtosha kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo mwili huitengeneza upya bila kukoma. Hutumia kwanza kreatini fosfeti, hazina ya sekunde 10 hivi. Kisha hutumia glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa ndani ya misuli yenyewe, ambayo kwa mtu mzima hufikia kiasi cha gramu 400. Kazi ikirefuka, huunguza pia mafuta kwa msaada wa oksijeni.

Wengi hudhani kwamba nishati huhitajika kwa kukaza msuli tu. Sivyo. Ndani ya msuli mna nyuzi za protini zinazoshikana na kuvutana, nazo haziachani mpaka ATP mpya ije kuzitenganisha. Mtu anapofariki, pumzi na damu husimama, akiba humalizika, na nyuzi hubaki zimeshikana. Hapo ndipo maiti hukakamaa. Hali hiyo huanza saa chache baada ya kifo, hukamilika kwa kiasi cha saa 12, kisha huondoka yenyewe baada ya siku moja, mbili au zaidi, protini zinapoanza kuharibika.

Aliyefariki katikati ya kazi nzito, au akiwa na homa kali, hukakamaa mapema zaidi. Je, kuli aliyeanguka na gunia mgongoni akiwatafutia wanawe riziki ya halali, tumhukumu kwa sababu misuli yake ilikwisha kuitumia akiba yake? Na mchamungu aliyecheleweshwa akisubiriwa jamaa wa mbali, naye hukakamaa vilevile.

Wanazuoni wetu wa fiqhi walikwisha kutuelekeza: mtu akikata roho afumbwe macho, afungwe taya kwa kitambaa, na viungo vyake vilainishwe kwa upole angali na joto. Elimu ya leo inatuonyesha hekima ya kufanya haraka.

Kwa hiyo nawausia waoshaji mambo matatu. Familia zifundishwe kulainisha viungo mapema. Kiungo kilichokwisha kukakamaa kisilazimishwe kwa nguvu, kwani heshima ya maiti ni kama ya aliye hai. Na yanayoonekana chumbani yabaki chumbani, kwani mwoshaji ni mwaminiwa wa siri. Hesabu ya mja iko kwa Mola wake, wala haisomwi katika kiwiko cha mkono.

Wallahu aalam.