MUHOGO MCHUNGU, SEHEMU YA 3: "Ukichemka sana sumu inaisha." Nani kawaambia?

Mama zangu, post ya juzi imejaa jibu moja: "Nesi, unga ukiiva vizuri sumu yote kwisha." Hapana jamani. Hili nalikataa.

Sumu ya muhogo imefungwa ndani ya kitu kinaitwa linamarini. Muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuifungua. Kwenye mzizi mzima vimetengana. Ukitwanga, ukikuna au ukiloweka, vinakutana, sumu inageuka hewa na kupaa. Kimeng'enya hiki kinataka maji na muda, na joto la jua kinalipenda. Maji yanayochemka yanakiua. Linamarini haifi, inabaki kwenye sufuria, mtoto anakula. Yaani moto umemuua fundi kabla hajamaliza kazi! Makopa yaliyoanikwa haraka bila kulowekwa ni hivyo hivyo: yakikauka, kimeng'enya kinasimama kazi ikiwa nusu.

Matokeo yake ni konzo. Miguu inakakamaa ghafla na hairudi kuwa kama zamani. Wanaopata zaidi ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Siyo uchawi. Mwaka 1981 ng'ambo ya Ruvuma, Nampula, waliugua zaidi ya 1,000 wakati wa ukame. Mwaka 2001 na 2002 ukazuka hapa hapa mkoani Mtwara.

Na ninyi mnaosema "akina mama wavivu, hawaloweki", mnanikera. Mwaka wa njaa, watoto wanalia, nani ana siku tatu za kungoja mihogo kwenye maji? Mwaka huo huo samaki na kunde hazipatikani, na bila hivyo mwili unashindwa kuitoa sumu.

Kwa unga ambao tayari unao, fanya hivi. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ulipofikia. Mimina maji ukikoroga. Unga utashuka, ongeza maji mpaka urudi kwenye alama. Tandaza kwenye ungo au mkeka safi, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja. Juani saa mbili, kivulini saa tano. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, usilaze, utachacha.

Aliyeuliza kisamvu: twanga kwanza mpaka kilainike, ndipo uchemshe. Usianze kuchemsha majani mazima.

Sehemu ya 4 kesho nikitoka zamu ya usiku.