Bana kwenye geti, siyo kwenye nondo

Anayetushauri tubane matumizi kwenye msingi wa nyumba, eti hauonekani, anajenga kwa macho ya wageni. Vigae na jipsamu utabadilisha hata baada ya miaka 10, ukiwa unaishi humo humo. Nondo ikishamezwa na zege, nani ataifukua? Kwenye udongo wa mfinyanzi, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, mkanda wa zege uliopunjwa nondo utakuonyesha ufa kuanzia kona ya dirisha. Mchanga wa baharini nao, huo wa bei ya kutupa, una chumvi: nondo inashika kutu, kutu inatanuka, zege linabanduka. Na kumwagilia zege siku 7 mfululizo (maji tu, jamani!) bado watu wanakwepa. Geti? Weka la mabati, uhamie.