Picha ya Riboni Tumeona, Sasa Bei Iko Wapi?

Kila wiki kuna mtu kwa simu yangu amenunua gari. Amesimama mbele ya X-Trail ama Harrier iliyofungwa riboni nyekundu kama zawadi ya harusi, ameshika funguo ya maonyesho saizi ya trei ya chai, na kando yake kuna jamaa wa yadi ametabasamu kumshinda mwenye gari. Chini hapo watu mia mbili wameandika "hongera", "Mungu ni mwema", "sisi tuko nyuma yako". Hata mimi huandika, sina roho mbaya. Lakini kati ya hao mia mbili hakuna hata mmoja anauliza kitu cha maana: ulilipa ngapi?

Ukiuliza, wewe ni mchawi.

Mimi naona hiyo siri ndiyo inatumaliza. Tunapenda kusema wauzaji wa magari ni wajanja, na ni kweli wako wajanja, lakini ujanja wao unafanya kazi juu kila mnunuzi anaingia yadi akiwa peke yake, hajui wa jana alilipa nini na wa kesho hatajua yeye amelipa nini.

Linganisha na Gikomba. Asubuhi bale ikifunguliwa, jeans inaitishwa mia tano na unaondoka nayo kwa mia mbili hamsini. Unadhani ni mdomo wako? Ni kwa sababu umesimama nyuma ya msee mwingine na umesikia na masikio yako akipewa kwa hiyo bei. Mama mboga akikuambia nyanya tatu ni hamsini unacheka tu, juu jirani amepewa nne. Bei iko hewani, kila mtu anaivuta. Sasa watu hao hao, mafundi wa kupunguza shilingi kumi kwa sukuma, wakiingia yadi yenye vitu vya milioni tatu wananyamaza kama wako kanisani. Wanaogopa kuonekana hawana pesa. Wanapewa maji baridi, wanasema asante, wanauliza rangi.

Wacha kwanza niseme neno moja kuhusu "gari mpya". Kwa Mkenya wa kawaida gari mpya ni ile imeshuka meli Mombasa juzi. Namba plate ni mpya, mwenye gari ni mpya, lakini gari yenyewe imeishi Japani miaka sita, saba. Sheria ya KEBS inasema gari iliyotumika isizidi miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza, ndiyo maana mwaka 2025 zilikuwa zinaingia za 2018 kuja juu. Hakuna aibu hapo, nusu ya mtaa inaendesha hizo. Shida ni kwamba gari ya aina hii haina bei ya kiwandani. Kila moja ina kilomita zake na historia yake, na muuzaji anaweza kutaja namba yoyote ile na uso wake usibadilike.

Lakini sehemu kubwa ya hiyo bei si siri hata kidogo. Ni ushuru, na ushuru unaweza kuupiga hesabu ukiwa kwa matatu.

KRA haikuulizi ulinunua gari ngapi Japani. Ina orodha yake, inaitwa CRSP, ya bei ya kila modeli ikiuzwa hapa kama mpya kabisa. Wanachukua hiyo bei, wanapunguza kulingana na umri wa gari, wanapiga hesabu zao na kupata thamani ya forodha. Hiyo thamani ndiyo inatozwa ushuru. Orodha iko kwa tovuti yao, bure, na huwa inabadilishwa, kwa hivyo angalia ile inayotumika wakati unanunua.

Chukua SUV ya petroli ya 2000cc, na tuseme thamani yake ya forodha ni milioni moja kamili. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, hiyo ni 350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, lakini unapigwa juu ya milioni pamoja na ule ushuru wa kwanza, unapata 337,500. VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya hizo zote, 270,000. Halafu kuna ada mbili ndogo, ya fomu ya kuingiza asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, jumla 45,000. Jumlisha: 1,002,500. Yaani kila milioni ya thamani ya forodha, serikali inataka milioni nyingine. Tunalalamikia yadi kumbe mwenye kula kwanza ni mwingine kabisa, lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.

Point yangu ni hii: yadi mbili zikileta modeli moja, mwaka mmoja, injini moja, zinatozwa ushuru uleule. Bei ya kununua Japani pamoja na meli unaweza kuikadiria kwa kuangalia gari zinazofanana kwa tovuti kama BE FORWARD. Ongeza gharama za bandari, usafiri wa kuitoa Mombasa, usajili. Kinachobaki juu ya hapo ni faida ya yadi, na hapo ndipo mazungumzo yenu yanapofanyika. Sina noma na faida. Huyo mtu analipa plot, analipa walinzi, pesa yake imelala hapo nje ikioshwa kila asubuhi. Noma ni ile faida ambayo siruhusiwi kuiona.

Mathe wangu ni mwalimu. Sokoni watu wanamwogopa, akiinua kitunguu mwenye kibanda anaanza kushusha bei kabla hajaulizwa. Oktoba 2024 pesa ya sacco ilipotoka tukaenda yadi, na mwanamke huyohuyo akakaa kwa kiti cha ngozi, ameweka mkoba kwa mapaja, anasema "sawa, sawa" kwa kila kitu. Kijana wa yadi akamwambia gari ni 2,950,000, "na hiyo ni bei ya mwisho mama, juu nimekuona kama mamangu mzazi." Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anasoma masharti ya bahati nasibu redioni, akaongeza kuna 35,000 ya makaratasi.

Nilikuwa nimepigia yadi tatu zingine usiku wa kuamkia hiyo siku na kuomba waniandikie bei kwa WhatsApp, gari ya mwaka huohuo. Sikumwonyesha kwa fujo. Nilimwomba tu aniandikie bei yake vipandevipande: gari ngapi, hayo makaratasi ni makaratasi gani, uhamisho wa umiliki kwa eCitizen uko ndani ama uko nje. Akacheka. Akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Nikaomba pia karatasi ya mnada kutoka Japani, ile inayoonyesha gredi na kilomita wakati gari inauzwa kule. Hapo ndipo mathe alipopata sauti yake. "Kijana, umesema mimi ni kama mamako. Sasa mamako ungemwitisha ya makaratasi?"

Jamaa akaenda kuongea na bosi. Kila yadi ina bosi nyuma ya mlango, na sijawahi kumwona hata mmoja. Akarudi na 2,850,000. Tukamwambia asante, tunaenda kula kwanza. Hatukurudi. Alipiga simu jioni saa mbili kasoro.

Bei tuliyomaliza nayo nitaandika huko chini.

Hiyo karatasi ya mnada msiichukulie poa. Gredi ya 4 ama 4.5 ni gari iliyotunzwa, na ukiona R ama RA ujue iligongwa ikarekebishwa. Gari iliyorekebishwa vizuri inaweza kukubeba miaka mingi, mimi sikatai, lakini haifai kuuzwa bei ya ile haijawahi kuguswa. Kilomita za karatasi zikiwa 140,000 na dashibodi inasema 68,000, hapo hakuna mazungumzo ya bei tena, chukua mkoba. Na muuzaji akisema karatasi "ilipotea", kuna huduma za kuitafuta kwa namba ya chesisi. Ni pesa kidogo ukilinganisha na gari.

Halafu kuna mabroka. Hii mtandao imewapa uhai. Mtu anapiga picha gari ambayo si yake, anaongeza chake juu, anaposti. Nimeona Forester moja, namba ya chesisi ni moja, mandhari ni ileile na ule mti nyuma, kwa bei tatu tofauti kwa kurasa tatu. Kabla hujaanza kubonga bei uliza gari iko wapi na ni ya nani. Ukipunguziwa elfu hamsini na broka aliyeongeza laki mbili, umepunguziwa nini?

Lakini pale watu wanaumia sana si kwa bei. Ni kwa lile swali tamu: "Unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Ukijibu tu, mazungumzo ya bei yameisha, hata kama bado mnaongea. Sasa watapanga miezi na riba mpaka ile namba yako ipatikane, na wewe utatoka ukifikiri umeshinda.

Wacha nikuonyeshe. Mkopo wa milioni 2, miaka minne, riba asilimia 14. Kama riba inapigwa kila mwaka kwa mkopo wote wa mwanzo hata baada ya kulipa nusu ya deni, riba ni 1,120,000 na kila mwezi unatoa 65,000. Kama inapigwa kwa deni lililobaki peke yake, kila mwezi ni kama 54,650 na riba yote ni kama 623,000. Asilimia 14 hapa, asilimia 14 pale, tofauti ni karibu nusu milioni. Kuna watu wamekesha wakipigania diskaunti ya elfu themanini, wakapiga picha na riboni, wakaacha nusu milioni kwa karatasi ya mkopo ambayo hawakusoma. Maliza bei ya gari kwanza, kama mtu mwenye pesa yote mkononi. Mambo ya mkopo yaje baadaye, na uulize zaidi ya sehemu moja. Bima vivyo hivyo, si lazima uchukue ya rafiki wa yadi.

Kwa wale mzazi ama bosi wao ananunua mpya kabisa, kilomita sifuri, kutoka kwa wauzaji rasmi: huko bei ya orodha huwa ngumu kwa mtu wa gari moja, wateja wa magari kumi ndio wanasikizwa haraka. Hata hivyo uliza kama bei waliyotaja ina VAT, uliza huduma za bure ni ngapi, uliza kama wana gari ya mwaka uliopita imebaki. Na uliza kama imeunganishwa hapa, juu gari zinazounganishwa Kenya hupata nafuu ya ushuru, na ni haki yako kuuliza hiyo nafuu imefika kwa bei yako ama imepotelea njiani.

Najua mtasema bei ni siri ya mtu. Na kuna sababu za ukweli. Ukisema umelipa milioni tatu, wiki ijayo una binamu watano wapya na harambee mbili. Wengine wanaogopa wezi. Wengine, tuseme tu, wanaogopa kugundua jirani alilipa kidogo. Naelewa. Lakini hakuna mtu anataka jina lako ama sura yako ama namba ya gari. Modeli, mwaka, kilomita, eneo la yadi, mwezi uliolipa, bei ya kwanza, bei ya mwisho. Zikiwa mia moja mahali pamoja, msichana wa miaka 23 amefanya kazi, ameweka pesa, anaenda Ngong Road peke yake Jumamosi, hataingia pale akiwa peke yake kabisa. Na jamaa wa yadi akijua hizo namba ziko nje, bei yake ya kwanza itakuwa na heshima kidogo.

Nitumieni inbox, nitaondoa majina na kuziweka zote hapa. Naanza na yetu. Mathe amekubali mradi sura yake isionekane: Nissan X-Trail 2017, 2000cc, kilomita 78,000, gredi 4, Kiambu Road, Oktoba 2024. Bei ya kwanza 2,950,000 na 35,000 za makaratasi. Tulilipa 2,740,000, uhamisho ndani, makaratasi sifuri. Riboni walituletea, akakataa.