Rido nzuri bila fimbo imara haifichi mtu

Katika nyumba nyingi za mbao za Majengo, Ndosho na Mugunga, mjini Goma, chumba kimoja kinalala baba, mama, watoto watano na mara nyingine shemeji aliyekimbia vita. Ukuta wa ndani hakuna. Kinachotenganisha kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto ni rido, tena rido iliyofungwa kwa kamba ya gunia kwenye misumari miwili.

Ukipita Birere, unaona akina mama wanavyochagua kitambaa. Wanakikunjua, wanaangalia maua yake, wanavuta kuona kama kinapasuka, wanabishana bei mpaka muuzaji anakubali. Feza zote zinaishia hapo. Fimbo ya kukitundika hakuna anayeiulizia. Nyumbani wanatafuta kamba, na baada ya wiki moja kamba imelegea, rido imeshuka katikati na imefunguka pande zote mbili. Binti wa miaka 14 anayevaa nguo nyuma ya rido ya namna hiyo anaonekana na kila anayeingia. Ndiyo maana anangoja giza, ama anaenda kubadilisha nguo chooni. Watu wanaosema rido ni mapambo ya matajiri hawajalala chumba kimoja na watu wanane.

Mashirika ya msaada nayo yana sehemu yao. Kanuni za Sphere, ambazo mengi yanafuata, zinaomba kila mtu apate angalau mita mraba 3.5 za kuishi ndani, na zinazungumzia pia kugawa nafasi ili watu wawe na faragha. Lakini kwa kawaida kinachomfikia mhami ni shiti ya kufunika juu na pembeni. Kugawa ndani anaachiwa mwenyewe. Tangu kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zivunjwe mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zimerudi vijijini, zingine zimepanga chumba mjini, na shiti wamebeba nayo. Anayegawa shiti anaweza kabisa kuongeza fimbo moja na visi nne. Hazijazi gari.

Kuchagua fimbo kunaomba kwanza kuangalia ukuta. Katika nyumba ya mbao, ubao wenyewe ni mwembamba: visi inautoboa mpaka nje, kisha mvua inapata njia. Visi inapaswa kuingia kwenye nguzo iliyo nyuma ya ubao. Kuipata si kazi: mtu anatoka nje na kufuata mstari wa vichwa vya misumari kutoka juu hadi chini, hapo ndipo nguzo ilipo. Msumari wa kawaida unalegea kila rido inapovutwa, visi inashika. Kwa nyumba ya mawe ya volkano, ni heri kutoboa kwenye simenti iliyo ngumu, ama kufunga kwanza kipande cha mbao ukutani na kushikiza fimbo hapo.

Fimbo yenyewe si lazima itoke dukani. Bomba jembamba la chuma linadumu. Mti wa mkalitusi unafaa pia, mradi umemenywa na kukauka vizuri, kwa sababu ule mbichi unajipinda ukiwa tayari umebeba kitambaa. Waya wa chuma unapendwa kwa kuwa ni rahisi, lakini ukikazwa sana unavuta misumari, na usipokazwa unalala kama kamba. Fimbo ikizidi mita 2, inaomba kishikio cha tatu katikati. Kwa dirisha, ipite ukingo kwa sentimita 15 ama 20 kila upande, la sivyo mpita njia anachungulia pembeni. Kwa kugawa chumba, ifike ukuta kwa ukuta.

Kuna hatari mbili ambazo hazisemwi vya kutosha. Vitambaa vingi vya bei ya chini ni vya nailoni: vikigusa mbabula ama mshumaa vinayeyuka na kunata kwenye ngozi ya mtoto. Rido iwe mbali na moto, na upindo wake usiburuzwe chini. Ya pili ni chandarua, mustikeri kama wengi wanavyoiita, kinachogeuzwa kuwa rido. Chandarua kilitolewa watu walale ndani yake. Kikining'inia dirishani, mtoto anayelala mkekani anaumwa na mbu kama kawaida, na malaria haiangalii dirisha ni zuri namna gani.

Halafu kuna mwenye nyumba. Wengine wanakataza kabisa kutoboa, na mpangaji anaogopa kupoteza garanti. Wenye nyumba wafikiri tena: visi nne kwenye nguzo zinaharibu kidogo kuliko misumari 20 ambayo mpangaji atapigilia usiku, kwa jiwe, kwenye mbao. Mpangaji naye aombe ruhusa hiyo kabla ya kulipa garanti, iandikwe kwenye mkataba, na akihama afungue fimbo yake aende nayo.

Kwa familia isiyo na uwezo wa kununua vyote kwa mara moja, na tangu benki zifungwe Goma familia hizo ni nyingi, fimbo itangulie. Kitenge cha zamani kinaweza kutundikwa juu yake hadi siku ambayo feza ya kitambaa itapatikana.